Malta ya mtama yenye hopsi, bila ngano wala shayiri

Kopo la malta lilikuwa katikati ya sinia la futari, linatoka jasho kwa baridi, na mimi ndiye niliyelipigania. Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu sigusi boflo, chapati wala maandazi. Nilikuwa naishi kwa wali, muhogo, vitumbua na mkate wa kumimina, na tumbo lilikuwa limeanza kunipa amani. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaliokota lile kopo jaani nikasoma nyuma yake, pale penye herufi za kusomwa na sisimizi: maji, kimea cha shayiri, sukari, hopsi. Mbele limeandikwa kwa herufi kubwa kuwa halina kilevi, na kweli halina. Lakini shayiri ina gluteni, ile protini iliyomo pia kwenye ngano, na mwenye maradhi ya siliaki, ambaye gluteni humharibu utumbo, haulizwi kama ameila au ameinywa.

Tangu hapo napika malta yangu mwenyewe hapa Wete, Pemba, kwa mtama. Malta ni bia iliyosimamishwa njiani. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, hutiwa maji ya moto, wanga wake ukageuka sukari, maji yake yakachemshwa na hopsi, maua ya kutia uchungu na harufu, na hapo ndipo njia zinapoachana: mpishi wa bia hutia hamira, mpishi wa malta hutia kwenye friji. Huko Marekani na Ulaya wapo wenye maradhi kama yangu wanaopika kwa mtama na nafaka nyingine zisizo na gluteni zile bia za rangi ya dhahabu zenye hopsi nyingi. Mimi nimechukua nusu ya kwanza ya kazi yao, pamoja na uchungu na harufu yake, na nusu ya pili nimewaachia wenyewe.

Neno moja kabla ya kuwasha jiko. Ukishuku kuwa una siliaki na hujapimwa, usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu kinategemea mwili unaokula gluteni. Ukishaacha kwa muda mrefu, majibu yanaweza kuja safi na wewe ni mgonjwa. Mimi nilitibiwa vidonda vya tumbo miaka miwili katika hospitali ambayo siitaji, na hakuna aliyeniuliza nakula nini.

Mtama haupikwi kama shayiri

Ukikosea hapa, umepika uji. Punje ya kimea ina vitu viwili tunavyovitaka vikutane: wanga, na vimeng'enya vya kuukata wanga uwe sukari. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzijoto 60 hadi 65, na katika joto hilo vimeng'enya bado viko hai, kwa hiyo mpishi wa shayiri hutia kila kitu chungu kimoja akasubiri. Wanga wa mtama ni mkaidi. Haulainiki mpaka ufike baina ya nyuzi 68 na 78, na humo vimeng'enya hufa upesi. Ukipika kwa joto la vimeng'enya, wanga unabaki mgumu; ukipika kwa joto la wanga, vimeng'enya vinakufa.

Dawa yake ni kuwatenganisha. Vimeng'enya huyeyuka kwenye maji ya uvuguvugu, kwa hiyo tunavitoa kwanza na maji yake, tunaviweka pembeni, tunaupika wanga mpaka uive hasa, kisha ukishapoa kidogo tunavirudisha. Mara yangu ya kwanza nilifuata maelezo ya shayiri neno kwa neno. Nilipata sufuria ya uji mzito usio na ladha, na shangazi akauliza kama mgonjwa ni nani.

Kutafuta mtama

Chukua kilo 3 za mtama mzima. Mweupe ni bora kwa kuanzia. Mbegu ya Macia, inayolimwa sana bara, inafaa sana. Mtama mwekundu uliokolea, hasa wenye ngozi ya kahawia chini ya ganda, mara nyingi una tanini nyingi. Tanini huvikamata vimeng'enya na huacha ukakasi kinywani kama wa embe changa.

Usinunue mbegu ya kupandia kwenye duka la pembejeo. Ile huwa imetiwa dawa ya ukungu, mara nyingi na rangi ya waridi au ya kijani ili watu waijue, na kuiosha hakusaidii. Usinunue pia kwa muuzaji anayepima ngano na mtama kwa kibaba kimoja. Mimi naomba gunia lifunguliwe mbele yangu, naonekana mjuba, lakini nimezoea.

Kabla ya kununua kilo zote, hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziache siku tatu. Zikiota 90 au zaidi, rudi dukani. Zikiota 60, mtama huo ni wa kuku.

Kuotesha

Osha mtama mara tatu au nne mpaka maji yawe safi, toa mapepe yanayoelea, kisha loweka. Jumla ni saa 20 hivi, lakini si mfululizo: kila baada ya saa sita mwaga maji, uache mtama upumue nusu saa, tia maji mapya. Punje ni kitu hai. Ikikaa ndani ya maji yaliyotuama siku nzima katika joto letu inaanza kunuka na inakufa. Maji ya kulowekea hayana kazi nyingine, yamwage.

Tandaza gunia safi la katani kwenye pakavu penye kivuli, mwaga mtama unene wa vidole viwili, funika kwa gunia jingine bichi. Kila asubuhi na jioni nyunyiza maji na ugeuze kwa mkono, ukitenganisha mizizi isifumane. Ukiingiza kiganja katikati ukasikia joto kama la mtu mwenye homa, tandaza zaidi. Kimea cha mtama hupenda nyuzi 25 hadi 30, na hapo sisi wa visiwani tumepewa bure kitu ambacho watu wa nchi za baridi hukitafuta kwa umeme.

Siku ya pili utaona ncha nyeupe. Siku ya nne au ya tano machipukizi yanakuwa na urefu wa sentimita mbili tatu, na punje ukiitafuna inapasuka laini na ina utamu kwa mbali. Hapo simamisha. Ukiacha mpaka majani yawe ya kijani, mmea umekula sukari yako.

Ukungu ukitokea, mweusi au wa kijani, au ukisikia harufu ya uvundo, tupa wote. Usichague punje nzuri ukatupa mbaya. Sumu ya ukungu haionekani na haifi kwa kuchemshwa.

Kuanika, na habari ya jamvi

Kimea hukauka juani kwa siku mbili au tatu, kikiwa kimetandazwa kwa wembamba na kuingizwa ndani usiku. Kipupwe ni wakati mzuri kuliko wote, jua lipo na upepo wa kusi unapita. Masika sijaribu tena. Niliwahi kuanika mwezi wa Aprili, nikawa natoa na kuingiza jamvi kama mwenye karafuu, na siku ya tatu kimea kilikuwa na manyoya.

Nikitaja karafuu: jamvi la kimea liwe la kimea. Jamvi letu la karafuu nililipiga maji, nikalisugua, nikalianika siku nzima, na bado kimea changu cha pili kilitoka kinanukia karafuu kutoka punje ya kwanza hadi ya mwisho. Hakikuwa kibaya. Mjomba wangu mpaka leo anaulizia kile. Lakini hopsi zote zilimezwa, na hopsi hazipatikani hapa kwa urahisi kiasi cha kuzipika ili zisisikike.

Kimea kiko tayari punje ikivunjika kwa kishindo baina ya meno. Sasa kifikiche kwa viganja mpaka mizizi na machipukizi yote yakatike, kisha pepeta kwenye ungo. Kazi hii usiirukie. Machipukizi ya mtama yana kitu kinachotoa sumu ya sayanidi, ile ile inayoua mbuzi wakivamia shamba la mtama mchanga. Punje yenyewe ina kidogo sana, na kukausha pamoja na kuchemsha bila kifuniko kunapunguza kilichobaki, lakini mizizi na machipukizi hayafai kuingia chunguni. Wala usiyamwage uani penye mbuzi. Mimi nayafukia.

Kilo 3 zinanipa kilo 2.3 hivi za kimea safi. Gramu 200 nazikaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zinuke kama bisi na ziwe rangi ya ganda la korosho. Hizo hazina tena vimeng'enya. Zimo kwa ajili ya rangi na ladha.

Kusaga

Mashine ya mtaani iliyosaga ngano asubuhi itakusagia mtama jioni pamoja na vumbi la ngano, na kwa mwenye siliaki vumbi hilo linatosha. Twanga nyumbani. Na kinu nacho ukiulize historia yake: kikiwa ndicho kinachotwangiwa ngano ya boko boko kila Idi, mbao imeshakunywa. Mimi nimenunua mashine ndogo ya mkono, ya kuzungusha, na hakuna kingine kinachopita humo. Unataka chenga, si unga. Kila punje ivunjike vipande vitatu vinne.

Kupika

Uwe na sufuria mbili kubwa, moja ya lita 15 na moja ya lita 5 au 6, mwiko mrefu, kifumbu kipya, kitambaa cha marikani, na kipimajoto cha jikoni. Kipimajoto ukikikosa, hesabu ya maji inasaidia: maji ya mfereji hapa kwetu huwa nyuzi 28 hivi, kwa hiyo lita 2 za maji yanayotokota ukizichanganya na lita 6 za mfereji unapata nyuzi 46.

Na ndivyo tunavyoanza. Tia lita hizo 8 kwenye sufuria kubwa, mimina kilo 2 za kimea kilichosagwa, koroga mpaka pasiwe na madonge. Joto litashuka mpaka 44 au 45. Acha dakika 40, ukikoroga kila baada ya dakika kumi, kisha usiguse kabisa kwa nusu saa nyingine. Chenga zitakaa chini, juu yatabaki maji ya rangi ya chai ya maziwa. Chota lita 4 za juu kwa upawa, polepole, utie kwenye sufuria ndogo, funika, weka pembeni. Ndani ya maji hayo mna vimeng'enya vyako. Usiyapashe moto, usiyachemshe, na umwambie kila mtu jikoni asiyamwage. Mimi yamewahi kumwagwa na mtu aliyedhani ni maji ya kuoshea mchele.

Kwenye zile zilizobaki chini, ongeza zile gramu 200 zilizokaangwa na lita 2 za maji yanayotokota, washa moto, upike nusu saa ukikoroga bila kuacha. Utapata uji mzito unaorukaruka na kuunguza mkono. Hapo wanga umeiva.

Zima. Subiri uji ushuke mpaka nyuzi 78. Ukikorogwa kwenye sufuria isiyofunikwa huchukua kama robo saa. Mimina yale maji ya pembeni yote kwa mpigo, huku mtu wa pili anakoroga kwa nguvu. Joto litatua kwenye 63 au 64. Likizidi 68, tia kikombe cha maji baridi haraka.

Halafu angalia, kwani hapa ndipo penye raha yote. Uji uliokuwa umeshika mwiko ukasimama wima unaanza kulegea. Baada ya dakika tano mwiko unaanguka. Baada ya dakika kumi na tano unakoroga kitu chepesi kama maji ya wali, na ukilamba ncha ya kijiko unasikia sukari ambayo hukuitia. Nimeshapika mara nyingi na bado namwita mtu aje aone.

Funika, fungia sufuria kwenye blanketi, iache saa moja na nusu. Mwisho wake pima: tone la maji hayo kwenye kisahani cheupe, lipoe, kisha tone la ayodini ya vidonda kutoka duka la dawa. Likigeuka bluu iliyokaribia weusi, wanga bado upo, funika tena nusu saa. Likibaki rangi ya ayodini yenyewe au wekundu hafifu, umemaliza. Tone lililotiwa ayodini litupwe, lisirudi sufuriani.

Kuchuja

Shayiri ina maganda yanayojichujia yenyewe. Mtama hauna, na machicha yake huziba kitambaa kama udongo. Changanya ndani konzi nne tano za kumvi za mpunga zilizooshwa vizuri, zinafungua njia ya maji. Kisha chuja kwa kifumbu, kile kile cha kukamulia tui lakini kipya, na baada yake kwa marikani. Usikamue kwa nguvu zote, utaingiza vumbi na ukakasi. Suuza machicha kwa lita 2 za maji ya moto. Utapata lita 9 hivi.

Hopsi

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, wa ukoo mmoja na bangi, ingawa halevyi. Nalitaja hilo kwa sababu mfuko wa majani ya kijani yenye harufu kali ukifunguliwa bandarini unahitaji maelezo. Bora ubaki na lebo yake. Mmea wenyewe hauchanui vizuri kwetu, unataka siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na ikweta, kwa hiyo mfuko wako utatoka kwa jamaa anayekuja kutoka Uingereza au Afrika ya Kusini. Waagize zilizokaushwa au zilizoshindiliwa vidonge. Mimi napenda Cascade, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972, yenye harufu ya balungi. Ukishafungua mfuko, ufunge usiingie hewa uuweke kwenye friza. Hopsi zilizolala kabatini zinanuka soksi.

Chemsha zile lita 9 bila kifuniko. Jumla ni kama saa mbili, mpaka zibaki lita 5. Povu la mwanzo lienguliwe. Baada ya saa ya kwanza tia gramu 10 za hopsi. Hizi ni za uchungu: asidi zake haziyeyuki mpaka zichemke muda mrefu, ndiyo maana zinapewa saa nzima. Mfuko huwa umeandikwa asilimia ya asidi ya alfa; kipimo changu ni cha asilimia 5, kwa hiyo ikiwa yako ni 10 tia gramu 5.

Dakika tano za mwisho tia ganda la danzi moja, lile la nje tu bila weupe. Danzi na hopsi zinaelewana kama pilau na kachumbari. Zima moto, subiri dakika kumi mpaka joto lishuke kwenye 80, ndipo utie gramu 15 nyingine za hopsi. Hizi ni za harufu, na harufu ikichemshwa huishia darini. Funika dakika 20, chuja kwa marikani, kamulia ndimu moja.

Asiye na hopsi anaweza kutumia maganda ya madanzi mawili na mashina matatu ya mchaichai. Ni kinywaji kizuri. Si hiki.

Kupoza na kuweka

Kalisha sufuria kwenye beseni la maji na barafu, maji ya sukari yasikae vuguvugu saa nyingi, kila kijidudu kitakuja. Yakipoa, tia kwenye chupa zilizochemshwa na uweke kwenye friji. Yatakaa siku nne. Yanayozidi yagandishe kwenye mifuko midogo. Usiyafunge kwenye chupa ukayaweka kabatini: hakuna kilevi wala dawa ya kuyahifadhi, hamira ya hewani itaingia, chupa itapasuka, na kilichomo hakitakuwa tena kile ulichokusudia. Umeme ukikatika siku nzima na ukikuta yanatoa vipovu vyenyewe, mwaga. Tena chupa ziwe za rangi ya kahawia au uzifunge gazeti, kwani kinywaji cha hopsi kikipigwa na jua kinapata harufu ya ngawa kwa muda mfupi tu.

Wakati wa kunywa, nusu glasi ya malta, nusu glasi ya maji ya soda yaliyopoa sana, umimine polepole pembeni mwa glasi. Lita 5 zako zinakuwa 10. Povu lake halikai kama la kopo, na rangi ni ya asali iliyochafuka kidogo. Uchungu unakuja mwisho, nyuma ya ulimi, baada ya utamu kupita. Sukari yake ni nyingi, mwenye kisukari ajue hivyo.

Machicha yaliyopikwa hayana neno, kuku wanayagombania. Yakusanye mapema, kwa sababu kufika jioni yatakuwa yamechacha, na kifumbu kisipooshwa papo hapo hakitatumika tena.